Reli Niliyokuchagulia, Baba Paulina

Baba Paulina,

Treni lako linazunguka. Nakuambia hilo kwanza, maana nakujua, hutasikiliza habari nyingine mpaka uisikie hiyo.

Sasa kaa nikugombeze. Miaka yote ulikaza mataruma ya reli kule Tanga, ukastaafu ukarudi Karatu, ukapewa treni dogo la umeme na yule mgeni mzee wa hotelini anakopika Paulina, ukaliweka mezani chumba cha nyuma. Halafu unakufa bila kuniambia kwamba reli zile hazisuguliwi! Ni mimi niliyezisugua. Baada ya mazishi niliziona zina vumbi, nikaona aibu, nikachukua majivu na stilwaya na maji, nikazisugua kama masufuria ya harusi. Ziling'aa, mzee wangu. Kisha ukungu ukashuka kutoka msituni siku nne mfululizo, zikaota kutu nyekundu kama shamba letu. Kutu ikazuia umeme usipite relini, treni likagoma. Nililia kuliko nilivyolia makaburini, na sisemi uongo.

Mdogo wako Gwandu akapata la kusema. "Shemeji, ondoa takataka hizo niweke vitunguu vyangu."

Nikamwambia, "Vitunguu vyako havina kwao?"

Akacheka, lakini hakuacha. Basi tukakubaliana mbele ya Paulina: siku ya ibada yako ya mwaka, treni likizunguka mara moja bila kusukumwa kwa kidole, chumba kinabaki chako. Likigoma, kiwe cha vitunguu.

Paulina akamwandikia yule mgeni. Akatutumia vipande vitatu vya reli tuchague: cha chuma, cha shaba ya njano, na kimoja cha madini meupe. Cha chuma na cha shaba vilikuwa vigumu, kona zake huja zimeshapindwa kiwandani. Cheupe kirefu, kinapinda mkononi. Paulina akashika cha chuma. "Mama, hiki rahisi, unabana tu." Rahisi! Ndivyo wanavyonunua majembe siku hizi, yanakatika kabla ya palizi. Mimi nilivichovya vyote kwenye maji ya magadi, nikavitundika nje kwenye ukungu juma zima. Chuma kikaota kutu. Shaba ikafanya ukijani. Cheupe kikafifia kidogo tu, nikakipangusa na kanga, kikawa kama kilivyokuja. Nikasema, huyu ndiye. Tukaagiza.

Na zile kona zako, baba! Treni lenyewe refu, wewe umeliwekea kona za kuzungukia mbuzi. Ndiyo maana lilikuwa linaanguka kila siku nawe unalitukana kwa Kiiraqw, kumbe kosa ni lako. Mimi nilipima kwa kamba na msumari, kama tunavyopima banda la mviringo, nikaliwekea kona pana isiyo na haraka. Reli ikishapindwa, ule upande wa ndani unazidi wa nje, unachomoza mwishoni. Hukuniambia na hilo. Paulina akaukata kwa msumeno wa chuma, mimi nikashika, nikikemea wote wawili, msumeno na yeye.

Siku ya ibada watu walikula, wakajaa chumbani mpaka mlangoni. Gwandu amekunja mikono. Paulina akawasha. Likaenda polepole, likafika kwenye kona yangu. Likapita. Likarudi lilikotoka. Wanawake wakapiga vigelegele kama vile ng'ombe wa mahari wameingia uani, na mimi mtu mzima nikapiga nao.

Gwandu akasema, "Tena."

Likazunguka tena. Mara ya tatu akavuta kiti. Sasa kila Jumapili akitoka kanisani anapita hapa, anakaa mbele ya meza, mdomo wazi, chai inapoa. Juzi amethubutu kuniambia, "Shemeji, usiguse hapo." Mimi! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ni siku nyingi sijacheka hivyo, na nilitamani uwepo umwone.

Mimi sijambo. Nakula vizuri. Mbaazi zimekubali mwaka huu.

Lala salama, mzee wangu mkaidi. Gwandu anataka tuipandishe njia mpaka juu ya kilima tutakachokijenga kwa mbao pale mezani. Ana haraka kama wewe. Nakuahidi mteremko nitaupima mwenyewe, na hataukaza msumari hata mmoja kabla sijasema ndiyo.

Mkeo,
Mama Paulina