Mkwe wa Chumba cha Boila

Jumamosi, 5 Julai. Iringa

Darasa tena. Wenzangu leo wanafua na kwenda sokoni, mimi nakaa namtazama Dokta, mwalimu wetu, akichora mishale ubaoni. Mshale juu, mshale chini, duara katikati. Leo unaitwa "uongozi shirikishi". Kila Jumamosi uongozi una jina jipya. Dirisha la nyuma halifungi na baridi inaingia yote.

Humu wote ni watu wa viwandani. Wa chai, wa mbao, wa nguzo, na mimi wa nyanya kutoka Ilula. Kampuni zimetutuma chuoni tufundishwe kuongoza watu. Dokta hajawahi kusimama zamu nzima kwa miguu yake. Simpendi, na nadhani anajua.

Wametangaza fildi, mafunzo ya vitendo viwandani. Mimi nimepangiwa Mbeya, kiwanda cha maziwa, Uyole. Meneja wa huko akitia saini kwamba nimemudu kuongoza zamu, nikirudi Ilula natangazwa mkuu wa zamu. Asipotia, narudi kwenye mkanda kuchambua nyanya mbovu na cheo anapewa mwingine. Bosi wangu hakuficha. Nimesimama kwenye ule mkanda tangu mwanangu wa kwanza ananyonya. Sirudi pale. Sirudi!

Jumatatu, 14 Julai. Uyole

Siku ya kwanza fildi. Meneja ni Bwana Komba, anaongea kama mtu anayegombana na simu. Kanikabidhi zamu ya asubuhi: mapokezi ya maziwa, kuchemsha, kufungasha, na boila ya kuni inayoleta mvuke. Kila asubuhi mkuu wa zamu anafanya kikao kifupi uani, kisha anakagua kote mpaka chumba cha boila.

Nimefungua kikao vizuri tu. Mzee mmoja mrefu akaniangalia mara moja, akashusha kofia usoni, akageuka, huyooo. Na vijana kadhaa wakamfuata. Nikasema moyoni, haya, dharau zimeanza mapema.

Nikamuuliza Tusa, dada wa kufungasha. Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe yule mzee wa boila ni baba mdogo wa mume wangu. Ananijua kwa picha za harusi. Mimi simjui kwa sura.

Jamani. Viwanda vyote vya nchi hii!

Jumanne, 15 Julai

Hasira haijaisha. Naandika ili nisimpigie mtu kelele.

Mimi Mhehe wa Ilula. Kwetu mkwe unampigia goti, unamwamkia kamwene, mnaendelea na maisha. Lusajo mume wangu ni Mnyakyusa. Kwao mkamwana hakutani na baba mkwe. Humtazami, huongei naye, hamkai chumba kimoja, jina lake hulitamki. Na ndugu zake wa kiume nao ni wakwe vilevile. Baba yake Lusajo alifariki kabla sijaolewa, nikajiona nimepona. Siku ya harusi huyu mdogo wake alikaa nyumba ya jirani mpaka wageni tukaondoka. Sikumwona hata kisigino.

Sasa ndiye mtu wa zamu yangu. Nampangaje kazi mtu nisiyeruhusiwa kumwona?

Nimempigia Lusajo. Kasema, muache mzee. Basi. Maneno mawili, kakata simu, ana gari la mtu juu ya jeki. Angekuwa karibu ningemrushia kiatu.

Ijumaa, 18 Julai

Wamepata dawa, na wote wanaiona nzuri. Nikikaribia chumba cha boila, Tusa anagonga keni tupu ya maziwa. Mzee anatoka mlango wa nyuma. Mimi naingia, naangalia presha, naangalia kioo kinachoonyesha maji ya boila, natoka. Tusa anagonga tena. Mzee anarudi kwenye moto wake.

Meneja ameona. Kasema safi sana, mmeelewana. Nami nikakubali. Nilikuwa nimechoka kuitwa mkamwana asiye na adabu kwenye kila kona.

Ila nasema ukweli humu: mzee anafurahia. Akichelewa asubuhi siwezi kumwambia. Kuni zikiwa mbichi na moshi ukajaa uani, siwezi kumwambia. Anatuma tu salamu kwa Tusa, mwambieni mgeni aangalie mambo yake ya mtindi. Mgeni! Mila ameifanya ngao, nyuma yake anafanya anavyotaka. Namchukia bila kuijua sura yake vizuri.

Alhamisi, 24 Julai

Dokta amekuja kukagua wanafunzi wake. Katoka Iringa na koti jipya. Akasikia keni inagongwa, akauliza, akaelezwa. Akafurahi utafikiri kapewa mtoto. Eti hii ndiyo kuheshimu utamaduni wa mahali pa kazi. Akapiga picha ya keni.

Hakuna aliyeuliza nani anaangalia boila wakati mzee yuko nje na mimi nasogea polepole nisije nikamkuta. Hata mimi sikuuliza. Baridi ilikuwa kali, nikawaza chai.

Jumatano, 30 Julai

 Mwandiko huu ni wa mlevi.

Keni iligongwa kama kawaida. Mzee akatoka. Njiani nikasimamishwa mapokezi, dereva wa maziwa analalamika mzigo wake umekataliwa. Nikabishana naye, nikasahau muda. Mzee nje anangoja, hawezi kurudi mpaka keni ya pili. Moto ndani unawaka peke yake.

Nilipoingia kioo kilikuwa kitupu. Hakuna tone la maji. Pampu imezima na magogo ya mkaratusi yanaunguruma tumboni mwa boila. Boila isiyo na maji ikilipuka haichagui mkwe wala mkamwana. Nyuma ya ukuta ule kuna kina mama wanaofungasha.

Nikapiga kelele, njoo! Nikamwona kwenye upenyo wa mlango wa nyuma. Kasimama. Haingii. Anaona kioo kama ninavyokiona mimi, na haingii, kwa sababu mimi nimo. Nikasema baba, njoo. Akarudi nyuma hatua moja.

Nikamwita kwa jina. Asajile! Asajile, ingia!

Akaingia. Tukashika reki za chuma tukavuta moto wote nje, yeye upande wake, mimi upande wangu. Gogo moja limeniunguza kifundo cha mkono. Boila ikapoa. Maziwa ya siku nzima yameharibika. Watu wote ni wazima.

Alhamisi, 31 Julai

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Boila ilikuwa ilipuke, halafu ukoo mzima unauliza kuhusu jina. Simu tangu alfajiri. Shangazi yake Lusajo, binamu, mtu wa Tukuyu nisiyemjua kabisa. Umetamka jina la baba mkwe mbele ya watu! Wanataka nipeleke jogoo na kuomba radhi. Lusajo naye hajauliza mkono. Kauliza, kwani hukuweza kumwita kwa namna nyingine? Nikamwambia ningemwimbia kwaya, labda. Nikazima simu.

Kikaoni leo robo ya watu hawakuja. Tusa ndiye aliyenipaka mafuta ya jeraha. Hata yeye hanitazami sawasawa.

Jumamosi, 2 Agosti

Meneja kaniita ofisini. Mkubwa wa kampuni anataka jina la mkosaji. Bwana Komba ameshalipata: mzee aliacha boila ikiwaka. Anataka mimi, kama mkuu wa zamu, nipendekeze aachishwe kazi. Nikipendekeza, saini yangu ipo. Nisipopendekeza, ataandika sikumudu kuongoza.

Yeye huyuhuyu aliyesema safi sana, mmeelewana.

Nikatoka bila kujibu. Ningejibu ningetukana.

Dokta naye kapiga. Nilidhani atanitetea. Anaomba nimweleze tukio kwa kirefu, anataka kulitumia kama mfano darasani. Kasema ni zuri sana. Nikamwambia aje alione jeraha langu nalo kama ni zuri.

Jumapili, 3 Agosti

Sikwenda kanisani. Huku Uyole watu wanajaa kwa ajili ya Nane Nane, mabanda yanapigiliwa misumari, muziki tangu asubuhi. Nimejifungia kwenye chumba nilichopanga, nimekaanga mayai, sikuyala.

Ningependa kumfukuzisha yule mzee. Naandika wazi. Kanidharau tangu siku ya kwanza, na angeniacha nilipuke kwa sababu ya adabu. Ila mimi ndiye mkuu wa zamu na nilikubali atoke. Kila asubuhi nilikubali. Mpango ulikuwa wa wote, na mtu mzima hawezi kufukuzwa kwa jambo nililompa ruhusa.

Hapo ndipo hasira inaponisonga. Namchukia na siwezi kumuumiza.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwambia Meneja sipendekezi. Nimemwambia zamu ilikuwa yangu, kosa tuligawana, na yeye fungu lake analo. Akakunja uso. Akasema basi mkanda wa nyanya unanisubiri. Kumbe bosi wangu wa Ilula amemwambia kila kitu.

Nikatuma neno kwa mzee kupitia Tusa. Kuanzia leo keni haigongwi. Nikiingia asitoke, boila haiachwi. Jibu likarudi: mwambieni asiingie.

Nikaingia. Nikakuta amefunga turubai katikati ya chumba kwa kamba, kutoka ukutani mpaka ukutani. Yeye upande wa moto, mimi upande wa mlango, kioo cha maji kinaonekana pande zote. Turubai linanuka mahindi. Nikasimama pale kama niko ofisi ya posta. Nikauliza maji vipi. Nikasikia tu akitupa gogo.

Nilitaka kucheka na kulia. Nikatoka.

Jumanne, 5 Agosti

Meneja kalikuta turubai. Hiki ni kiwanda au ni matanga? Kalichana kwa kisu cha kufungulia maboksi, mzee anaangalia pembeni.

Akatuambia wote uani. Kesho atakuja mwenyewe. Mkuu wa zamu ataingia, mtu wa boila atampa taarifa uso kwa uso, kama kiwanda kingine chochote. Wakishindwa, wote wawili waondoke, mmoja bila kazi, mmoja bila saini.

Watu wakatawanyika. Nilisikia mmoja akisema Komba anataka kumvua mzee nguo.

Nimefungasha begi. Najua mzee hawezi. Hata ningemlipa asingeweza.

Jumatano, 6 Agosti

Nataka niiandike kama ilivyokuwa.

Meneja kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Nyuma yake Tusa na watu wa kufungasha na wa mapokezi, kazi imesimama. Nikaingia. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigogo. Hakutoka. Aliinuka, akavua kofia, akanigeukia na kunitazama usoni.

Akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Mkuu wa zamu. Maji yako nusu kioo. Presha iko sawa. Pampu imetengenezwa jana, haizimi tena. Kuni za leo ni kavu."

Macho yake mekundu ya moshi. Paji la uso ni la Lusajo tupu. Kope zilikuwa zinamchezacheza, lakini hakuyaondoa macho.

Nami nikashindwa. Mimi niliyelaani mila hii humu kila siku, mimi ambaye cheti changu cha kuongoza watu kiko njiani, nikainamisha macho. Nilijibu nikitazama viatu vyake. Asante, baba, endelea na kazi. Magoti yakakunjika yenyewe, nikapiga goti kwenye majivu na buti zangu za kiwandani.

Hakuna aliyecheka. Meneja kakohoa, akaondoka.

Baadaye Tusa kaniambia. Jana jioni alimweleza mzee kwamba nilitakiwa kumfukuzisha nikakataa, na kwamba saini yangu ndiyo imezuiwa kwa hilo.  Mzee akauliza taarifa ya boila hutolewa kwa maneno gani mbele ya mkuu wa zamu.

Nimelia chooni. Nimekasirika pia. Nimemkasirikia Meneja, Dokta, Lusajo, na mimi mwenyewe. Yeye peke yake sikuweza kumkasirikia leo, na hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 7 Agosti

Bwana Komba katia saini. "Amemudu." Kanisukumia karatasi bila kuniangalia. Sikumshukuru.

Tusa anasema vijana wengine wanamcheka mzee, na wazee wenzake wamemkalisha kikao. Amewaambia ya kiwandani ameyaacha kiwandani. 

Lusajo kapiga. Safari hii kauliza mkono. Nikamwambia unapona.

Jumamosi, 9 Agosti

Gari la Iringa ni la mchana. Asubuhi nimeenda nyumbani kwa mzee kumuaga mke wake, mama mdogo, nimempelekea sukari na jogoo. Kaniwekea ndizi za Tukuyu kwenye kiroba, nyingi, nimpelekee Lusajo na watoto.

Tukiwa uani tukasikia mtu akikohoa nyuma ya nyumba, kwa nguvu, ili tujue anakuja. Alikuwa anatoka zizini na ndoo. Mama mdogo akaniangalia.

Nikageukia ukuta. Nikapiga goti, nikafunika uso kwa kanga, nikasikia hatua zake zikipita taratibu mgongoni mwangu. Sikuhesabu muda. Mlango wa jikoni ulipofungwa nikainuka, nikapangusa vumbi magotini, nikakaa kwenye mkeka kunywa chai.