Ubao Uliogeukia Ukuta

St Ives, Cornwall
Jumapili, 6 Oktoba 1968

Dada yangu Tibbie,

Naomba barua hii ikukute umeketi, miguu imepungua kuvimba na kifua cha Alec kimetulia. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo. Tangu tulipoanza kuinua mawe ya gati jipya unanisemesha kila asubuhi kabla sijafungua macho. Vikate vya shayiri ulivyonitumia vilifika vimevunjika vipande vipande, nikavila kwa kijiko. Jago, jamaa wa hapa ninayefanya naye kazi, alionja kimoja akaniuliza kama huko kwetu tunaezekea nyumba kwa vitu hivyo. Nikamwambia ndiyo, na mvua haipiti.

Katika barua yako umeuliza mambo mawili: uvae nini kwenye maonyesho ya picha za Rhoda Findlay kule Edinburgh, na kwa nini mimi, mdogo wako wa pekee, sijakanyaga kwetu Portlennie kwa miaka kumi na miwili. La kwanza ni jepesi. Vaa lile koti la buluu, wala usikope kofia ya mtu. La pili litamaliza karatasi yote hii. Univumilie mwandiko, unajua niliacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili, na kalamu haikai vizuri katika vidole hivi.

Kumbuka Rhoda alikuwa nani. Binti wa mzee Findlay mtengeneza mapipa, aliyechora kwa mkaa kwenye vifuniko vya mapipa ya baba yake mpaka mzee akapewa jina la Findlay wa Makumbusho. Picha zake za kwanza zilikuwa ninyi wenyewe, wasichana wa kupasua samaki, mmejifunga vitambaa vidoleni. Wewe umo katika mojawapo. Ulilalamika miezi sita kwamba amekuongezea pua, na mama akakuambia pua ndiyo sehemu pekee aliyoipata sawasawa.

Akaenda chuo Edinburgh, nami nikaenda baharini, kisha vitani, kisha popote palipokuwa na mawe ya kuinua. Mwaka wa hamsini nilifika hapa St Ives kutengeneza bandari. Siku ya tatu mwanamke aliyevaa suruali yenye madoa ya rangi akasimama juu yangu gatini akapaza sauti mbele ya wenzangu wote: “Lowrie Flett! Bado unawakimbia mabata?” Wenzangu walinilia kama mabata hadi Krismasi. Jioni ile Rhoda aliniomba nimpigilie fremu, na tangu siku hiyo ufunguo wa karakana yake umekuwa mfukoni mwangu. Mchana gati, jioni mbao zake za kuchorea. Ninazikata, ninazipaka chaki na gundi mara sita, ninazisugua mpaka ziwe laini kama ganda la yai, kisha ninampa azichafue. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, naye alikuwa akicheka.

Nilipomkuta alikuwa ameshawaondoa watu katika picha zake. Walibaki mapipa, nayo si mapipa tena, ni duara tu, na mstari uliopinda kama tumbo la mashua. Mwaka uliofuata duara nazo zikaondoka. Akapaka miraba, myeusi na ya rangi ya kutu, imekaa kimya kabisa, kingo zake kali kama zimekatwa kwa msumeno. Baadaye akachoka na kingo. Akaanza kurundika rangi nene kwa mwiko, nyekundu juu ya nyekundu, na mimi nikawa ninabeba ubao mmoja kama ninabeba mlango wa kanisa. Kila alipobadilika, waliokuwa wakizipenda zile za zamani walimkasirikia. Bwana mmoja wa London, mwenye skafu ya hariri, alimwambia kwamba mtu hahami nyumba kila mwaka isipokuwa anadaiwa. Rhoda akamjibu kwamba yeye huhama akishaanza kuzijua ngazi gizani.

Watu waliniuliza mimi ninaona nini ndani yake. Nilikuwa nasema naona upepo, kwa sababu hakuna awezaye kukubishia upepo. Jago alisema mbuzi wake akitiwa rangi miguuni atafanya hivyo hivyo, na bila kuvuta sigara nyingi. Nilicheka naye. Ukweli ni kwamba sikuwa nikiona kitu, Tibbie, na sikuwa nikijaribu.

Sasa nisikilize. Rhoda alikuwa na desturi yake ya kazi. Picha aliyoikubali iliangalia chumba. Iliyomshinda aliigeuza uso ukutani, nami nilijua maana yake: niikwangue mpaka kwenye chaki, niipake upya, atumie ubao tena. Hatukuwa na haja ya kusemezana. Niliingia jioni, nikaangalia kilichogeuzwa, nikachukua kile kisu kipana, nikaanza.

Mwezi wa Machi, mwaka wa hamsini na sita, alikuwa na picha kubwa aliyokuwa akiifanya mlango ukiwa umefungwa. Siku tisa hakutaka mtu aione. Nilikuwa ninamwachia chakula kizingitini. Jumamosi ile mimi nilikuwa Penzance tukipakua mawe, nikalala huko. Jumatatu jioni nikafika karakana. Hayupo. Si ajabu, alikuwa na tabia ya kutembea miambani. Nikakuta mbao tatu zimegeukia ukuta, mbili ndogo na ile kubwa. Nikawaza, basi, siku tisa zimekwenda bure, maskini. Nikaanza na kubwa.

Tibbie, rangi ilikuwa bado laini. Picha iliyomshinda mtu hukaa wiki, hukauka, ndipo huitwa mbaya. Hii ilitoka na kisu kama siagi. Mtu mwenye akili timamu angesimama akajiuliza. Mimi nilikuwa nimebeba mawe tangu alfajiri, nilikuwa nataka kumaliza niende nikanywe bia, na nikafurahi kwamba kazi ni nyepesi. Nilipofika karibu theluthi mbili, kisu kikawa butu na mkono ukafa ganzi. Nikasema nitamalizia kesho.

Kesho yake mama Trevorrow wa nyumba ya jirani akanisimamisha njiani akanipa pole. Pole ya nini? Akashangaa kwamba sijui: telegramu ilifika Jumamosi, mzee Findlay amefariki, na Rhoda aliondoka Jumapili kwa treni ya kwanza.

Sina haja ya kukueleza wewe. Kwetu mtu akifa, kila kioo na kila picha ndani ya nyumba hugeuzwa uso ukutani mpaka maiti atolewe. Wewe mwenyewe uligeuza kioo cha mama, nami nikageuza picha ya mfalme. Rhoda, maili mia saba kutoka kwenye maiti ya baba yake, alifanya alichoweza kufanya. Aligeuza alichokuwa nacho. Na katika mji huu wote alikuwapo mtu mmoja tu ambaye angepaswa kuelewa, na mtu huyo akachukua kisu.

Uliniandikia wakati ule kwamba Rhoda hakulia makaburini, kwamba alisimama kama nguzo. Nilisoma barua yako nimekaa ndani ya karakana mbele ya ubao ule. Siku kumi na tisa nilitunga maneno ya kumwambia. Aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni na kofia mkononi. Akanipita na begi lake, akaona ubao umegeuzwa kutazama chumba, akasimama. Kisha akasema polepole kwamba Jumamosi ile alikunywa chupa karibu nzima ya wiski peke yake. Anakumbuka kuigeuza. Hakumbuki kuchukua kisu. Akaniuliza kama ninaona mkono wake ulivyofanya kabla yeye hajajua. Akalia hapo, kwa mara ya kwanza, kisha akacheka huku akilia, akasema hii ndiyo picha ya kwanza ya kweli katika maisha yake.

Nilifungua mdomo, Tibbie. Nikaufunga.

Na unajua kilichofuata, maana hata gazeti la Aberdeen liliandika. Kuanzia hapo Rhoda akawa anapaka rangi na kuikwangua, anapaka na kukwangua, mpaka kinabaki kivuli tu kilichozama ndani ya chaki. Picha zake zikaenda London, zikaenda Copenhagen, moja ikavuka hadi Marekani. Yule bwana wa skafu akaandika kwamba hapa kuna mkono uliofundishwa na msiba. Kila niliposikia maneno hayo nilitaka kuwa mahali pengine. Nimehama vyumba mara tano katika mji ambao unaumaliza kwa dakika ishirini. Nimeomba kazi Plymouth, nimeipata, nikarudi baada ya wiki tatu kwa kuwa nani angempakia chaki? Na nyumbani sikuweza kuja. Ningekuja vipi nikapite mbele ya kaburi la mzee Findlay, ninyi mkiniuliza habari za Rhoda?

Ningeweza kuendelea kunyamaza mpaka kufa. Lakini mwezi uliopita alinionyesha kitabu cha maonyesho haya ya Edinburgh. Picha zake zote za miaka arobaini zitakuwepo, kuanzia pua yako, na ule ubao umepewa ukuta peke yake. Akaniambia amewaalika watu wa Portlennie, basi zima, na kwamba atasimama mbele yao awaeleze jinsi baba yake alivyomfundisha kupaka rangi siku alipokufa. Mimi nitakaa mstari wa mbele, akasema, na ninunue tai. Nikawafikiria ninyi nyote mmekaa hapo mkiuamini uongo wangu kutoka mdomoni mwake.

Alhamisi nilimwambia. Alikuwa akila mkate wa nyama uliofungwa kwenye gazeti. Nilisema kwa kusimama, na nilisema vibaya, nikianza na Penzance na mawe kama mtu anayetafuta huruma. Alipoelewa, aliweka mkate chini akajifuta vidole kimoja kimoja. Nilitegemea anitukane. Lugha ya gatini anaijua kuliko Jago. Akasema tu, “Kwa hiyo miaka kumi na miwili nimeiga mkono wa kibarua aliyechoka.” Nikasema ndiyo. Akasema, “Na aliyekuwa na haraka ya bia.” Nikasema ndiyo.

Halafu akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelitungia maneno. Akasema kwamba ile picha aliifanya siku tisa, na baada ya mazishi ilimtoka kichwani yote. Kila akijaribu kuikumbuka anaona makwaruzo tu. Hakuna aliyewahi kuiona. “Isipokuwa wewe, Lowrie. Wewe ulikuwa wa mwisho kuiona. Ilikuwaje?”

Hilo ndilo ninaloungama kwako, dada, si lile la kisu. Kisu kilikuwa makosa. Hili si makosa. Sikuiangalia. Niligeuza ubao, nikaulaza mezani, nikakwangua kuanzia kona, macho yangu kwenye makali ya kisu. Picha ambayo mtu aliifanya baba yake akiwa anakata roho, nami sijui hata kama ilikuwa nyekundu. Nikamwambia hivyo. Aliingia chumba cha ndani akafunga mlango.

Ijumaa mama Trevorrow aliniletea ujumbe wa Rhoda kwamba masanduku ya picha yapigiliwe misumari kama ilivyopangwa, ule ubao ukiwemo. Kuhusu atakachosema mbele ya watu, hakuna neno.

Jana niliyapigilia yote, nikaacha lile la ubao ule mwisho. Nikavuta kreti, nikakaa mbele yake. Tibbie, nimezibeba picha zake zote miaka kumi na minane, ninajua uzito wa kila moja na pa kuishika, na nilikuwa ninakaa mbele ya mojawapo kwa mara ya kwanza. Nilikaa tangu chai ya asubuhi hadi Jago alipokuja kuniuliza kama nimekufa. Nikachukua karatasi ya mizigo nikaandika nyuma yake kilichobaki, maana hicho ndicho pekee ninachoweza kumpa. Niliandika kwamba chini kulia, mahali ambapo kisu hakikufika, pana rangi ya kahawia iliyopinda, na juu yake mstari wa buluu-kijani ambao umepakwa mara tatu, kwa kuwa kwenye kingo zake zinaonekana buluu tatu tofauti. Kwamba katikati pamebaki njano kidogo mno, yenye ukubwa wa ukucha, na kwamba hiyo si mkwaruzo wangu, mtu aliiweka pale kwa ncha ya brashi na akaiacha kwa makusudi. Kwamba kushoto sijui. Kushoto hakuna kitu, nilikimaliza mimi. Niliujaza ukurasa wote kwa tahajia yangu ya darasa la tano.

Niliusukuma ukurasa ule chini ya mlango wake. Nilisimama hapo. Baada ya muda nikasikia sakafu ikilia, na karatasi ikavutwa ndani.

Sijasikia zaidi ya hapo. Jumanne ninapanda treni na masanduku. Njoo Edinburgh mapema kabla ya basi la wengine, ukae nami mstari wa mbele, sitaki kukaa peke yangu akianza kusema, chochote atakachosema.

Msalimie Alec, umwambie asilale dirisha likiwa wazi. Wasalimie watoto wa Annie, na mama mkwe wako hata kama hajibu. Niombee mgongo.

Ni mimi mdogo wako,
Lowrie Flett