Mahindi Hayajifichi

Jumamosi, Kilwa Masoko

Acheke tena sasa, nimsikie!

Kila akija kutoka Dar, shemeji Deo, mdogo wake mume wangu, huniambia mimi ni mtu wa togwa, wiski niwaachie wenyewe. Leo kaja na chupa mbili za Kimarekani: burboni, ya mahindi, na rai, ya nafaka inayofanana na ngano. Nikasema nitazitofautisha. Akacheka mpaka akapaliwa.

Nilifunga pazia kwanza. Majirani zetu ni watu wa swala na wananiheshimu. Hilo linanitia wasiwasi hata sasa.

Deo akanipa mgongo, akamimina kwenye vikombe vya kahawa. Sikuonja. Nilifanya kama bibi yangu kule Kipatimu alivyopima pombe ya mabibo: tone kiganjani, sugua mpaka likauke, kisha nusa. Kiganja cha kulia kilinukia pilipili manga. Rai. Cha kushoto, mahindi ya kuchoma. Burboni.

"Umebahatisha," akasema, akamimina tena.

Nikanusa. Mahindi huku, mahindi huku.

"Shemeji, umemimina burboni kotekote. Unanijaribu?"

Mume wangu alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nikajimiminia rai, nikainywa taratibu. Inauma kidogo, kisha inaacha utamu. Hiyo ndiyo yangu.

Deo naye akajaribu: akasugua tone kwenye kila kiganja, akanusa, akanusa tena. Wapi!

"Hebu nifundishe, shemeji," akasema, kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nikavitazama vidole vyake, vinang'aa mafuta ya pweza wangu wa kukaanga, aliyemla muda si mrefu.

"Kanawe mikono kwanza."