Jina Lililotajwa Ukumbini

Karatu,
9 Novemba 2025

Kaka yangu Supeet,

Shikamoo. Naanza kwa kukuulizia wewe, wifi na watoto. Je, kikohozi cha mdogo kimeisha, na majani yameota huko Kakesio? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Simu yako haipatikani, na hata ingepatikana, jambo hili nisingeweza kulisema kwa simu. Kesho Metui anakuja huko na dawa za mifugo, nampa barua hii ili ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa Shangazi Blandina.

Unamkumbuka Raphaeli, yule wa Moshi aliyeazima, Yeyo mama yetu alipokuwa hai, ule ushanga mpana wa shingoni alioutunga kwa mkono wake? Aliupeleka ng'ambo kwenye maonyesho ya sanaa ya nchi nyingi, wanayaita bienale, kwa kuwa hufanyika kila baada ya miaka miwili. Jana alitoa mhadhara wa wazi hapa Karatu. Nilikwenda na shangazi, tukakaa mbele.

Alieleza kwamba kazi yake ni kuchagua kazi za wasanii na kuamua ipi ikae karibu na ipi. Mzee Mepukori akamuuliza kama kweli mtu analipwa kwa kupanga vya wenzake ukutani, maana kwa hesabu hiyo mke wake angekuwa tajiri. Watu walicheka. Raphaeli akajibu kwamba ni kama mzee anavyochagua ng'ombe wa kupeleka mnadani. Mzee akasema ng'ombe wake wana alama, kila mtu anajua ni wa nani.

Raphaeli akasema hilo ndilo alilokuwa analitafuta. Zamani shanga za kwetu zilionyeshwa huko bila jina la mtu, zikaandikwa tu kuwa ni za Wamaasai. Yeye amekataa. Akaonyesha picha ya ushanga ule, akalitaja jina halisi la Yeyo, lote, kwa sauti.

Kaka, Shangazi alijifunika shuka usoni. Mzee Mepukori alisimama, akamwambia polepole kwamba mama huyo ameshatuacha, na kwetu aliyeondoka haitwi tena kwa jina. Raphaeli hakuwa na habari ya msiba. Aliomba radhi, kisha akauliza familia inasemaje, kwani mwezi ujao ushanga unakwenda kwenye maonyesho mengine. Alifute jina, ushanga ubaki bila mwenyewe, au aliache? Watu wote wakanitazama.

Nilisema aliache.

Shangazi ameniambia namsumbua marehemu, na kwamba kukaa na watalii kumenifundisha kupenda sifa. Amesema hatakanyaga tena kwangu.

Wewe nitakuambia sababu yangu. Sikusema vile kwa ajili ya sanaa, wala sifa. Tangu tumzike sijalisikia jina lake kwa mtu yeyote, na mimi mwenyewe sijalitamka. Raphaeli alipolitaja niligeuka kutazama mlangoni, kama mtu anayemngoja aliyeitwa. Kwa kitambo kile nilikuwa na mama. Baada ya hapo ningewezaje kusema lifutwe?

Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukiamua liondolewe, nitakubali, wala sitakuwekea kinyongo. Ila umwambie Raphaeli mwenyewe. Usinitume mimi.

Wape wote nyumbani salamu zangu, na watoto uwabusu.

Mdogo wako,
Sinyati