Mbwa Aliyeupita Mkono wa Bwana

Shambani kwa Bwana Pamba,
Kitale.

Kwa ndugu yangu Wekesa, hapo nyumbani Kabuchai,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wanaolala na kuamka katika boma letu. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua asubuhi na mkono wa kulia umevimba. Sababu ya mkono utaiona mbele. Je, mama anakula? Kikohozi chake kimepungua? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Niandikie hata mistari miwili ukimpata mtu wa kuja huku.

Barua yako ililetwa na fundi wa matofali wa Kiminini. Niliisoma mara mbili kwa sababu ya macho yangu, na mara ya tatu kwa sababu ya aibu. Unasema tangu baba azikwe hakuna kichwa kilichonyolewa hapo nyumbani, kwa kuwa mimi mtoto wa kwanza sijafika, na kwetu wembe hauanzi kwa kichwa kingine. Unasema mama, kwa kuwa hajanyolewa, bado hawezi kushika jembe wala kuingia nyumba ya mtu, na mvua imeshanyesha, na majirani wanapanda huku yeye ameketi mlangoni anawatazama. Unauliza, "Simiyu, ni kitu gani kimekushika huko?" Nitakuambia. Ni mbwa.

Siku nilipopata habari ya msiba nilikwenda kwa Bwana kuomba ruhusa ya siku nne. Sisi tunamwita Bwana Pamba kwa ajili ya nywele zake. Nilimkuta barazani anamtazama mbwa mmoja kijana, wa miezi kama kumi. Mama yake ni mbwa wa mbio wa Ulaya, mwembamba, mbavu zote nje. Baba yake ni mbwa wa kuchunga kondoo. Wazungu wa huku wanapenda mchanganyiko huo kwa kuwinda sungura na paa, maana mbio zinatoka kwa mama na akili inatoka kwa baba. Bwana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha yule mbwa kwa mtemba wake wa tumbaku.

"Wewe nafundisha hii," akasema kwa Kiswahili chake. "Nakamata sungura, naleta kwa mkono yangu. Siku ile naleta, mimi naandika barua, wewe nakwenda nyumbani."

"Bwana, baba yangu amekufa."

"Yeye amekufa, naweza ngoja," akasema. "Shamba hapana ngoja."

Ndugu yangu, usiseme ningetoroka. Bila barua yake, askari wa njiani wakifungua kipande changu cha kazi watanirudisha hapa nimefungwa mikono, na ng'ombe wangu watatu wanaokula majani ya shamba hili watakuwa wake. Kwa hiyo nilimchukua mbwa. Alikuwa na jina la kizungu ambalo lilinishinda, nikamwita Mbio.

Sasa nitasema kosa langu. Unakumbuka baba alivyomlea mbwa wa kuwinda. Alimtafunia ugali mwenyewe, akampa kwenye kiganja, na mtu mwingine akimtupia hata mfupa kulikuwa na ugomvi. Ndiyo maana mbwa wa baba waliwinda kuliko wote wa upande ule. Mimi sijui njia nyingine, na nilikuwa na haraka. Nikamtafunia Mbio ugali asubuhi na jioni. Ningefikiri kidogo ningejua kwamba mbwa aliyelelewa hivyo ana mtu mmoja tu duniani. Sikufikiri. Nilikuwa nafikiri kichwa cha mama.

Alijifunza upesi mno. Nilimvutia ngozi ya sungura kwa kamba majanini, akaikamata. Nikaificha, akaitafuta. Lakini alikuwa na tabia ya kufukuza kondoo, na mbwa wa namna hiyo hapa hupigwa risasi. Nikamfunga shingo kwa shingo na kondoo dume katika zizi la Mzee Njoroge, yule mchungaji aliyekuja huku na jamaa yake kutoka Nyeri. Yule dume alimgonga kutwa nzima. Jioni mbwa hakuweza kusimama, na tangu siku hiyo akiona kondoo anageuza uso. Kisha nilitega sungura mzima, nikamvunja mguu mmoja wa nyuma, nikamwachilia mbele ya Mbio ili asikose mara ya kwanza na kuvunjika moyo. Sungura analia kama mtoto mchanga, sijui kama unajua hilo. Nilirudia na wengine wanne. Sikuona vibaya. Niliona siku zinapungua.

Mzee Njoroge alikuwa anatucheka. "Simiyu, huyu mbwa amekuoa, na hajatoa hata mbuzi kwa mahari!"

"Wacha maneno, mzee. Ni kazi."

"Kazi gani? Ati ukienda chooni anakungoja mlangoni. Hata mke wangu hajawahi kuningoja hivyo."

Jumapili moja Bwana alileta wageni, wanaume wawili na mama mmoja mzungu mwenye kofia kubwa. Tulitembea katika shamba la ngano lililovunwa. Sungura alitoka karibu na miguu ya yule mama. Mbio aliruka. Wekesa, hata mimi niliyechoka nilisahau uchovu. Sungura alikata kulia, naye akakata. Akarudi kushoto, naye alikuwa ameshafika. Akamchukua mzima mdomoni, bila hata jino kuingia, akarudi ameinua kichwa. Bwana alipiga goti, akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa nyuma yake kama hatua kumi, moyoni nimeshafika Kabuchai.

Mbio akaupita ule mkono kama kisiki cha mti. Akaja akamweka sungura juu ya miguu yangu, akaketi.

Yule mama alicheka mpaka akashika kofia. Mgeni mmoja akasema kwa Kiswahili, makusudi ili nisikie, "Rafiki, mbwa yako iko na bwana ingine."

Bwana hakunipiga. Wageni walipoondoka alinipa kiboko cha ngozi ya kifaru. "Mbwa nakuja kwako, wewe napiga," akasema. "Kila siku. Mpaka najua bwana yake nani."

"Na barua yangu, Bwana?"

"Barua iko kwa mkono yangu. Mbwa nakuja kwa mkono yangu, wewe napata."

Basi nikaanza. Asubuhi nilipofungua banda Mbio alinijia kwa furaha, nikampiga. Alifikiri ni mchezo, akarudi, nikampiga. Siku ya pili alikuja polepole. Siku ya tatu alikuja kwa tumbo, anajikokota, lakini alikuja. Chakula sasa alipewa na Bwana mwenyewe, nyama ya kopo kwenye sahani. Hakuila. Alikuwa anatazama mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa na kiboko.

Nisikudanganye ati Mzungu alikuwa amesimama hapo ananilazimisha. Wakati wa kupiga alikuja siku mbili tu. Siku nyingine nilikuwa peke yangu na mbwa, na ningeweza kupiga chini nikapiga kelele, nani angejua? Sikupiga chini. Kila aliponijia nilimwona mama ameketi mlangoni, na nikamchukia mbwa kwa ujinga wake. Nilimwambia kwa lugha yetu, "Nenda kwake! Nenda kwake, niende kwetu!" Nikapiga mpaka mkono ukavimba.

Mzee Njoroge alipita na kondoo wake, akasimama nje ya ua. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Simiyu, si Mzungu hayuko?"

"Hayuko."

"Sasa huyu unampigia nani?"

Akasukuma kondoo wake, akaenda.

Jumatano iliyopita Bwana alimjaribu tena, sisi watatu tu, yeye, mimi na mbwa. Sungura alitoka, Mbio akamkamata kama kawaida. Akarudi mpaka katikati. Hapo akasimama. Upande huu Bwana ameweka mkono, upande ule mimi nimeficha wangu nyuma ya mgongo. Bwana akapiga mluzi. Mbwa akajikojolea. Sungura alikuwa akilia mdomoni mwake, naye akabana, akabana, mpaka kilio kikaisha, kisha akalala juu yake akatetemeka.

"Ita," Bwana akaniambia.

Nikamwita kwa sauti ile niliyokuwa nikimwita wakati wa ugali. Akainua kichwa. Akajikokota hatua moja, akageuka, akarudi kulala palepale.

Bwana akasema mbwa ameharibika na mimi ndiye niliyemharibu. Hapo ni kweli. Akaleta bunduki kutoka garini, akaniambia nimshike ili asipoteze risasi mbili. Nikaenda nikamshika shingo. Alipoona sina kiboko alitulia kabisa. Akaegemeza kichwa kwenye mguu wangu. Hivyo ndivyo alivyokufa, na suruali yangu mpaka leo haijatakata.

Niliuliza, "Bwana, barua yangu?"

Aliuliza, "Mbwa iko wapi?"

Kisha akanipeleka nyuma ya ghala, mahali mama yake Mbio amezaa tena. Watoto watano, macho bado yamefungwa. Akamchukua mmoja akaniwekea mkononi. "Hii ingine," akasema. "Hapana lisha kwa mkono."

Huyo hataweza kukimbiza sungura kabla ya mahindi ya mwaka huu kuvunwa, na pengine ya mwaka ujao. Kwa hiyo, ndugu yangu, msiningoje. Mnyoeni mama barua hii ikifika, siku hiyohiyo, apate kupanda kabla mvua haijapita. Mali ya baba wazee waigawe hata nisipokuwepo, nami nitakubali watakachosema. Mama akiuliza, usimsomee habari ya mbwa. Mwambie kazi ni nyingi.

Msalimie mke wangu, mwambie nimemkumbuka na asiuze yule jogoo. Wasalimie watoto wetu, wako na wangu. Msalimie shangazi wa Bokoli, yeye aliyenilipia mwaka wa kwanza wa shule, ndiyo maana leo naweza kuandika haya. Na mjomba, mwambie asikasirike sana.

Kuna karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya barua. Iweke mbali na upepo unapoifungua. Jana nilimwomba Mzee Njoroge aninyoe. Aliuliza kama mtu asiye wa kwetu anaruhusiwa, nikamwambia anyoe tu, na akanyoa vizuri, polepole, bila kuniuliza kitu. Nywele zote ziko humo. Wazee wakikataa, wakisema wembe haujaanza kwa mtoto wa kwanza, wafungulie wazione. Umeanza kwangu. Sasa uendelee kwa mama.

Ni mimi kaka yako niliye mbali,
Simiyu