Kupotea kwa Kifaransa

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimewaandikia watu barua mbili kabla ya chai. Ya tatu, ya Mama Pirwoth, ilinichukua asubuhi nzima. Chuo kimemnyima binti yake msaada wa karo kwa sababu kwenye faili baba bado ni mfanyabiashara, mwenye duka Komanda. Duka liliungua. Baba akaenda kuchimba dhahabu, na tangu mvua za kwanza simu yake haipatikani. Pirwoth amebakiza mwaka mmoja wa uuguzi. Bila msaada, ataondolewa.

Mama alisema, "Muzee, andika: bwana yangu alipotea." Nikaandika disparu. Nilifundisha Kifaransa Djugu mpaka tulipokimbia vita. Sijarudi.

Jumatano, 8 Oktoba
Mvua. Nimepeleka rufaa mwenyewe, kwa pikipiki. Dereva aliniita "kijana" njia nzima. Nilicheka. Zilikuwa zimepita siku nyingi bila kucheka.

Jumanne, 14 Oktoba
Wamekubali. Pirwoth alikuja mbio hadi kwangu Ngezi, matope mpaka magotini, anaimba.

Nilisoma jibu, kisha nikalisoma tena. Wamempa msaada wa yatima. Mama aende atie sahihi, pembeni ya neno veuve, mjane, kabla ya mwisho wa wiki ijayo.

Disparu. Kwa Kifaransa ni mtu asiyejulikana alipo. Ni marehemu pia, wanapotaka kumtaja kwa adabu. Nililijua hilo. Sikulifikiria.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimemweleza Mama Pirwoth. Hakupaza sauti. Aliendelea kuchambua maharage.

"Muzee, ulimuua bwana yangu na kalamu ya bic."



Alhamisi, 16 Oktoba
Nimekwenda chuoni kuomba kusahihisha. Sekretere, mwanamke mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema baba akiwa hai, duka linarudi kwenye faili na msaada unaondoka. Akiwa marehemu, msaada unabaki. Katikati hakuna kitu.

"Muzee, mutu haiko muzima, haiko mufu, siye tumuweke wapi?"

Hakuwa akidhihaki. Aliuliza kweli. Mimi najua wengi wanaoishi hapo katikati. Mdogo wangu yuko hapo tangu siku tuliyokimbia. Wazazi wetu walizeeka wakimwekea sahani, na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Aibu. Hasira kidogo. Zaidi aibu.

Jumapili, 19 Oktoba
Baada ya misa Pirwoth amesema ataacha shule, auze samaki na mama yake. Mama akamkatiza mbele yangu: "Funga kinywa. Weye unasoma." Kisha akanigeukia. Sahihi ya uongo hatatia. Yote mawili aliyasema kwa sauti ile ile, na sioni namna yanavyoweza kukaa pamoja.

Jumatano, 22 Oktoba
Mama Pirwoth amenyoa nywele.

Nilimkuta kwenye mkeka, majirani wamemzunguka, moto umewashwa uani. Matanga, bila maiti, bila kaburi. Shemeji yake, ndugu wa bwana, alifoka kwamba Mama anamlaani mtu aliye hai, akaondoka. Wanawake wa kwao Mahagi walibaki. Waliimba taratibu, kama watu wasio na hakika na wimbo.

Nilipopiga magoti kumpa pole, alinivuta karibu. "Kama niko mujane kwa bureau ya chuo, niko mujane kwa nyumba pia. Siwezi kusema na mukono peke yake."

Nililia mbele za watu. Sijui niliyemlilia ni nani.

Ijumaa, 24 Oktoba
Ametia sahihi. Sekretere aliona kichwa kilichonyolewa, akasimama, akasema pole. Mama akashukuru, kama mjane yeyote. Pirwoth amebaki darasani.

Tumerudi kwa miguu. Karibu na nyumbani akaniuliza, "Muzee, akirudi, atanikuta niko nani?"

"Mke wake," nilimwambia.

Tuliendelea polepole. Penye utelezi alinishika mkono.