Kipande Kisichopandwa

Kitalu cha Miche,
Kando ya lililokuwa bwawa,
14 Machi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu na za mama. Hujambo wewe? Wifi hajambo, na watoto je? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi tunaendelea vizuri. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake haujapungua nguvu hata kidogo.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba bwawa litabomolewa. Basi limebomolewa kweli. Ukuta umeondolewa, maji yamekwenda zake, na mto umerudi kwenye njia yake ya zamani. Yalibaki matope matupu, bonde zima, na harufu usiseme. Mimi, kwa kuwa nimezeekea kwenye vitalu, nimepewa kazi ya kusimamia upandaji wa miti humo.

Mtaalamu wetu wa mimea tunamwita Bwana Futi, maana hatembei bila futi ya kupimia. Nadhani hata chai yake anaipima kabla ya kuinywa. Mwezi wa kwanza wa kazi tulipanda miche elfu moja kwa mistari iliyonyooka, na mimi nikaringa weee! Hatukufikiri kwamba matope yale yakikauka hupasuka. Yakapasuka, yakakata mizizi, na miche karibu yote ikafa. Nililia, na usinicheke.

Kumbe pale ambapo hatukugusa mambo yalikuwa yanakwenda! Zilianza ndago na matete penye unyevu, kisha yakaja majani ambayo mbegu zake huletwa na upepo. Chini ya visiki vya zamani, wanapotua ndege, ikachipua miti midogo. Bwana Futi anasema mbegu nyingine zilikuwa zimelala ndani ya matope muda wote huo. Sasa tunapanda kidogo kidogo, tukifuata palipoanza kuota penyewe.

Haya, niliseme jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha. Nimepaona nyumbani kwetu kwa zamani, palipofunikwa na maji ya bwawa. Ni juu kwenye mteremko, matope hayafiki hata kifundo cha mguu. Kizingiti cha saruji bado kipo. Nyuma ya lililokuwa jiko nilichokoachokoa kwa mpini wa jembe, nikagonga mawe yaliyopangwa mviringo. Nikakaa chini hapo hapo. Ni kaburi la kaka yako, yule aliyefariki akiwa na miaka mitatu kabla wewe hujazaliwa.

Najua hupendi kutajiwa habari hizi. Tangu shangazi akuropokee kwamba kaburi lile liliachwa kwa sababu mama alikuwa hospitali akikuzaa wewe, umejitwika mzigo usio wako, na huu ni mwaka wa kumi na moja hujakanyaga nyumbani. Basi sikia la kwangu, ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku watu wa bwawa walipokuja kuhamisha makaburi kabla maji hayajajazwa, baba alikuwa kazini mbali, na mimi nilikuwepo, nina miaka tisa. Shangazi akawaonyesha la babu na la bibi. Nikauliza, "Na la mdogo wangu je?" Akaniambia ninyamaze, watu wazima wanazungumza. Nikanyamaza. Mama aliporudi na wewe mikononi, maji yalishafika jikoni. Miaka yote hii umejilaumu, na mimi niliyekuwa nimesimama pale nimekaa kimya. Nisamehe, mdogo wangu. Naona aibu hata kuandika.

Kwenye ramani ya kazi, mistari ya miche ilikuwa ipite juu yake, na kila mche una shimo lake. Nikapiga moyo konde, nikamweleza Bwana Futi kila kitu. Sasa, katika kazi yetu kuna kipande kinachoachwa makusudi. Hapapandwi, hapapaliliwi, hapakanyagwi, ili baadaye tulinganishe na palipopandwa. Alikuwa ameshachagua chake ng'ambo ya mto. Alinitazama, akakunja futi yake, akaenda kung'oa vigingi kwa mikono yake mwenyewe na kuja kuvipigilia upya kuzunguka yale mawe. "Miaka ishirini hakuna atakayeingiza jembe hapa," akasema. Nilitaka kumkumbatia, ila niliogopa atapima umbali.

Majuma kadhaa baadaye, siku ya Jumapili, nikampeleka mama. Njiani nikamwambia lile nililokuficheni. Aliweka mkono wake begani kwangu, akaendelea kutembea. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi ndiye mama yake, na nililala kule hospitali nikidhani kuna mtu atakumbuka."

Tulipofika alisimama nje ya kamba iliyofungwa kwenye vigingi. Mawe hayaonekani tena. Pameota nyasi na vijiua vya manjano, chungu nzima. Aliniuliza mara tatu kama kweli hakuna aliyevipanda. Nikamwapia. Hapo ndipo alipolia, akajifuta kwa upande wa kanga, akaniambia maneno haya nikuandikie kama yalivyo: "Mwambie yule mdogo kwamba siku niliyomzaa sijaijutia hata mara moja. Aje. Nataka nisimame hapa na wanangu wote watatu."

Magoti yale hayataupanda mteremko ule miaka mingi zaidi. Njoo, tafadhali.

Msalimie sana wifi na watoto, na yule jirani yenu fundi viatu aliyenitengenezea ndara. Fundi cherehani wa huku naye anakusalimu, anauliza kama bado u mwembamba vile vile. Mungu akulinde safarini, maana nimeshaamua kwamba unasafiri.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana,
pamoja na mama, ambaye ameshafua shuka za kitanda chako.